Meza ya Kukatia Mapazia

Dada yangu ameshona mapazia miaka thelathini, na kwa miaka hiyo yote hajawahi kunyamaza. Meza yake ya kukatia ilikuwa na urefu wa mita tano. Niliitengeneza mwenyewe, mimi mdogo wake, seremala, kabla sijaota ndevu za maana.

Macho yalipoanza kumsumbua akapunguza kazi, na upande mmoja wa meza ukabaki wazi. Akaja kijana wa programu za simu, akaomba pa kuchomeka kompyuta yake. Akaja binti anayeanzisha biashara ya sabuni, kisha mwingine wa kukodisha mashine za kulimia. Mwaka haujaisha walikuwa sita, wanagongana viwiko.

Hakuwafundisha kitu. Alikuwa na sheria moja tu: saa nne asubuhi anagonga meza kwa mkasi, na kila mtu anataja alipokwama. Hakuna kujisifu. Anayejua dawa anasogeza kiti karibu na aliyekwama mpaka jambo liishe. Wa programu alimpangia wa sabuni orodha ya wateja. Wa sabuni akampeleka wa mashine kwa mjomba wake mwenye mashamba. Mimi nilimwambia Dada hizo ni porojo. Nilikuwa mjinga.

Halafu ofisi ya serikali ikaja kutusaidia, na msaada wa ofisi Mungu atuepushe nao. Afisa, kijana mstaarabu mwenye kitambulisho shingoni, alikuwa na kituo kipya cha wabunifu, vyumba sita, kiyoyozi kila chumba, na ndani hamna hata mtu. Akasikia habari za meza. Alikuja mara mbili, akapiga picha, hakukaa. Akamwomba Dada awahamishie watu wake kule. Dada akakubali kwa sharti moja, kwamba meza nayo iende.

Dada akasafiri wiki mbili kumwangalia bintiye aliyejifungua. Afisa akanijia.

"Fundi, meza haiingii vyumbani. Ikate vipande sita, kila mmoja apate yake. Mama anajua."

Nikamwamini. Na mvi zangu zote hizi, sikupiga hata simu. Nikakata, nikaongeza miguu, nikapaka vanishi, nikajipongeza kwa kazi safi. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Dada aliporudi alikuta vijana wake nyuma ya milango sita. Tangu wahamie, hakuna aliyekuwa ametaja alipokwama, na wawili walishaacha kuja. Akaingia chumba cha kwanza, akapapasa ukingo nilioukata, akatoka bila neno. Dada yangu, bila neno. Hapo nikajua nimeharibu.

"Mama hajaridhika?" afisa akaniuliza. "Si kila mmoja ana nafasi yake sasa?"

"Nafasi walikuwa nayo makwao," Dada akamjibu. "Kwangu walifuata kubanana." Akanigeukia. "Na wewe, mkono wako mwenyewe uliitengeneza, na hukuniuliza. Beba."

Tukabeba, mimi na wale wanne waliobaki, vipande vyote mpaka ukumbini mwa kituo, tukavipanga. Havikulingana tena. Dada akazichukua fomu za usajili alizokuwa nazo afisa, akazikunja na kuziweka chini ya miguu iliyopungua. Afisa akashika kichwa.

Kisha Dada akagonga meza kwa mkasi. Ilikuwa saa nane mchana, lakini nani athubutu kumsahihisha? Vijana wakataja yao, mmoja mmoja. Walipomaliza akamtazama afisa, aliyekuwa bado amesimama ukutani.

"Wewe, mwanangu. Umekwama wapi?"

Afisa akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akavuta kiti.

"Mkubwa wangu anakuja Ijumaa kukagua," akasema. "Na nimemwandikia kwamba kituo kimejaa."

Binti wa sabuni akasogeza kiti chake karibu naye.

Mimi nilikaa mwisho, kwenye kipande chenye mguu mfupi, nikisubiri zamu yangu. Dada akaniruka. Ni mwezi wa tatu sasa. Kila saa nne nipo, na bado ananiruka.