Mashini Iliyovaa Kitambaa

Siku zile zetu, mashini ya kompyuta ulianza kuisikia kabla ya kuiona. Ukiingia tu katika parseli yetu, uwanja wa nyumba kule Keshero, hata kabla ya kubisha mulango, ulisikia vantilateri yake, ile feni ya ndani, inalia kama kinu cha kusagia mihogo. Najua mutacheka: mutoto wa miaka kumi na saba, diplome bado, anasema "siku zile zetu". Lakini ninyi wa rika langu munajua. Kuna zamani ya wazee, na kuna zamani yetu sisi, na hii yetu ilipita mbio zaidi.

Nakumbuka tulivyocheza bile, zile goroli, juu ya mawe meusi ya volkano na kurudi na magoti yamechanika. Nakumbuka harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, zinazokaangwa saa ya kutoka masomo, na magunia ya maharagi ya papa, baba yetu mufanyabiashara, yaliyofika mpaka chini ya kitanda changu, sababu depo yake ya kuwekea mizigo ilikuwa ndogo na mizigo iliyotoka muji wa Kiwanja haikuuliza nafasi. Batoto wa leo wanaamka wanatafuta simu. Sisi tuliamka tunatafuta kiatu kati ya magunia.

Mashini papa aliinunua kwa bureau moja, ofisi ya shirika iliyokuwa inafunga mradi. Goma yote inajua bureau inayofunga: viti, meza, ordinatere, vyote vinatoka na namba nyeupe mugongoni kama mbuzi za soko. Papa alitaka tu kuandikia fakture, ankara zake za maharagi. Aliandika kwa kidole kimoja, anatafuta herufi kama mutu anayechambua muchele, na mama akipita alisema polepole, "Muzee, hiyo barua itafika mwaka gani?"

Ni kaka yangu mukubwa, yaya Paluku, njo aliona kitu ingine mule ndani. Alikuwa amesikia kwamba mashini ya bureau ukiiongezea memwari na karte, ile kadi ya picha, inacheza michezo yote kama zile za batoto wa matajiri. Alimuomba papa ruhusa ya kuifungua. Papa alimaliza chai yake kwanza.

"Mufungue," akasema. "Lakini ikianza kunisumbua kwa kazi, nairudisha kwa depo. Na hakuna mutu atanigusia hiyo tena."

Kwa Paluku ule ulikuwa muchezo. Kwa mimi hapana. Kwenye kona ya avenue yetu kulikuwa na sale ya michezo, chumba cha mbao chenye televizyo mbili, na mimi nilikuwa nasimama mulangoni kila mara. Hakuna aliyenifukuza. Lakini zamu yangu ikifika, mukono wa muvulana ulipita juu ya kichwa changu na kuchukua manete, kile kishikio cha kuchezea, na kama nilibaki palepale mutu aliuliza, "Weye dada, unangojea nani?" Nikarudi nyumbani. Nina haya ya kuzaliwa. Hata leo mwalimu akiniita ubaoni ninasahau jina langu. Nilitaka pahali moja tu duniani ambapo ningecheza bila kuomba kwa sauti.

Kwa hiyo nilitoa dende zangu. Batoto wa Kivu munajua kwamba dende, yule munyama mudogo anayefanana na panya asiye na mukia, njo banki yetu ya kwanza. Niliwafuga chini ya meza ya jikoni, nikiwakatia majani kila asubuhi. Niliwauza wote, nikabakisha mama mumoja tu mwenye mimba, na Paluku akaenda soko ya Birere akarudi na kipande cha memwari kimefungwa ndani ya karatasi ya mandazi. Karte ya picha aliipata yeye mwenyewe, kwa kubeba magunia ya papa vakansi nzima ya masomo. Ilikuwa ya zamani, imechubuka, na mufanyabiashara aliapa kwa kaburi ya nyanya yake kwamba inatembea, inafanya kazi. Ilitembea. Siku ile muchezo wa mpira ulipowaka kwenye ekra, kioo cha mashini, majani yakiwa ya kijani kweli na wachezaji wakiwa na pua, Paluku alinipiga begani.

Halafu ikaanza kuzimika.

Ilikuwa inacheza kidogo, vantilateri inalia, inalia zaidi, halafu giza. Paluku alisema ni umeme. Shangazi yetu alisema ni pepo, akaiombea. Trésor, muvulana wa jirani aliyekuwa anakuja kucheza kwetu, alianza kuleta tochi, kungojea ile giza. "Mi naijua mashini yenu," alisema, anakaa na tochi juu ya magoti. "Haifikake mi-temps, mapumziko ya match." Mwisho ikazimika asubuhi moja papa akiwa katikati ya fakture, kidole hewani. Papa hakupiga kelele. Alivaa kofia yake na kusema, "Siku ya Mungu, misa ikiisha, nitakaa kuiangalia mimi mwenyewe. Mutacheza match moja nzima. Ikizimika, inaenda kwa depo, na vile muliongeza mutatoa."

Katika salon, sebule yetu, wageni walipewa viti na mimi nilikaa chini, kando ya mashini, pahali hakuna mutu anakuangalia. Pale njo nililijua tatizo. Mama alikuwa amevika mashini kitambaa cha krosheti, kama alivyovika redio, televizyo na kila mugongo wa kiti. Alikitia amido, ule uji wa wanga, mpaka kikawa kigumu kama karatasi ya kalendari. Kilishuka mbele na kuziba matundu ambamo mashini ilikuwa inapumulia. Nilikigusa, kilikuwa na moto kama nguo iliyotoka chini ya pasi. Tulipofungua na Paluku, vumbi nyeusi ya mawe yetu ilikuwa imejaa juu ya vantilateri kama blanketi. Tuliitoa kwa brosi na pompi ya baiskeli.

Vumbi ilikuwa kazi rahisi. Kitambaa sasa. Nilikitoa jumanne, nikirudi masomo nikakikuta kimerudi, kimenyooshwa, na ua la plastiki juu yake. Nilikitoa tena. Kikarudi na maua mawili. Mama alikuwa na neno lake: "Kitu ya salon haikae uchi mbele ya wageni." Paluku alinisukuma nikamwambie, lakini kumwambia mama kwamba kazi ya mikono yake inaua mashini ya papa, hiyo sikuiweza. Nilifika mbele yake, nikafungua kinywa, nikatoka na ombi lingine kabisa. Nilimuomba anifundishe krosheti.

Mama alifurahi mpaka akaita jirani. Nilifuma usiku na mchana wa juma lile, vidole vikavimba. Nilifuma kwa matundu mapana, mapana sana, kama wavu wa sambaza, na sehemu ya mbele nikashonea ndani kipande cha mustikere, chandarua ya zamani, upepo upite na vumbi ibaki nje. Amido sikutia. Jumamosi nikaivika mashini kitambaa changu.

Mama alikiangalia sana. Akapitisha kidole kwenye tundu moja.

"Kavira. Hii ni kitambaa ao unaenda kuvua?"

"Ni kwa sababu mashini inapumua, mama," nikasema.

Aliangalia kitambaa chake kigumu mukononi mwangu, halafu mashini, halafu mimi. Nikaona amefahamu yote. "Sasa kinywa Mungu alikupatia ya nini?" akasema. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningetoa." Lakini alikaa kando yangu akanifumia pindo, sababu pindo langu lilikuwa limepinda.

Siku ya Mungu papa alikaa na suti ya misa, mikono juu ya magoti kama arbitre wa mpira. Trésor alikuja na tochi. Paluku alinisogezea klavye, kile kibao cha herufi, mbele ya watu wote, na nikacheza mimi dhidi ya Trésor. Mi-temps ikafika. Trésor akaweka tochi chini ya kiti. Dakika za mwisho sikusikia kitu isipokuwa vantilateri, na vantilateri ilikuwa inaimba tu, bila kulia. Trésor alinifunga tatu kwa moja. Hakuna hata mutu mumoja aliyeangalia matokeo. Papa alisimama, akaweka mukono juu ya mashini kama mutu anayepima mutoto.

"Homa imeisha," akasema, akaenda kula.

Kutoka pale mashini ilikuwa yetu, na tuliendelea kuijenga miaka yote, kipande kwa kipande: alimentasyo, kile kisanduku cha umeme, ya mukono wa pili, memwari ingine, kwa pesa ya vizazi vyote vya yule mama dende. Leo ndani yake hakuna hata skrubu moja ya bureau. Disiki ni ile mupya isiyozunguka, na nimeiweka mimi mwenyewe. Wakubwa wanaoniletea mashini zao kuzitengeneza hawaniulize tena kama kaka yangu yuko.

Lakini ninyi wa siku zetu munakumbuka jinsi disiki ya zamani ilivyokawia. Muchezo ulichukua muda mpaka ufunguke, na sisi tulikaa mbele ya ile duara inayozunguka, hatuna la kufanya isipokuwa kuongea. Trésor alitueleza ndoto zake. Mimi, mwenye haya, katika kungoja kule njo nilijifunza kucheka kwa sauti, halafu kujibu, halafu kuanzisha maneno. Leo muchezo unafunguka hata kabla ya kumeza mate, na batoto wa avenue bado wanalalamika kwamba inakawia. Juma iliyopita walikuja wanne. Walicheza vizuri, mashini haikutoa hata sauti, wakasema asante tantine, eti shangazi, wakaenda. Ile spidi niliitafuta tangu nauza dende zangu, na ninajivunia kila kipande. Ila walipofunga mulango nilitambua kwamba sijui jina la hata mumoja wao.