Samaki Mwenye Mstari Tumboni

Ngazi za jengo lile zilikuwa na giza, nami nilikuwa nazipanda nikiwa nimekumbatia kikasha cha sabuni kisicho changu. Nilikuwa nimeingia mjini asubuhi ile katika pikapu ya mama mmoja mpika sabuni, na nauli aliyonitoza ilikuwa kumsaidia kubeba.

"Wewe msafiri, kazi yako kushangaa mambo ya watu," aliniambia. "Njoo ushangae na ya kwangu."

Wateja wake humwita Mama Povu. Hupika sabuni ya miche katika uwanja wa nyuma ya nyumba yake, na kila kipande hukigonga muhuri wa mti: samaki, na mstari unaomkata tumboni. Mfanyabiashara anayemsambazia sabuni hizo madukani alikuwa ameomba samaki huyo aandikishwe kuwa alama yake mwenyewe ya biashara. Ombi likatangazwa ili mwenye neno aseme, na Mama Povu akawahi kuweka pingamizi. Akishindwa leo, atakatazwa kumgonga samaki huyo hata kwenye sabuni aliyoipika kwa mikono yake.

"Kwa nini hukuandikisha zamani?" nilimuuliza tukiwa kwenye benchi nje ya chumba cha msajili wa alama za biashara.

"Nilikuja. Nilitaka jina la Sabuni Safi. Karani akasema neno safi wanalihitaji wauza sabuni wote, haliwezi kuwa la mtu mmoja. Nikamuuliza, kwa hiyo mwenye sabuni chafu ndiye mnayemwandikisha? Alicheka mpaka akavua miwani. Nikaenda zangu. Nani alijua kwamba samaki, asiyehusiana na kufua wala kuoga, wangemkubali?"

Tulipoitwa ndani, yule mfanyabiashara aliinuka akampisha Mama Povu kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakuulizia."

Msajili, mwanamke wa sauti ya chini, aliweka mezani mchoro wa mfanyabiashara na kipande cha sabuni ya Mama Povu. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza mwanamume, "Mstari huu tumboni ni wa nini?"

"Ni wimbi. Samaki na maji yake. Nililifikiria mwenyewe."

"Nawe, mama?"

"Huo ni ufa."

Akafungua mkoba, akatoa muhuri wa zamani, mweusi kwa mafuta. Alieleza kwamba aliusahau karibu na moto ukapasuka. Seremala akamchongea mwingine, samaki mzima, mzuri. Madobi, wateja wake, wakamrudishia sabuni zote. Wengi wao hawasomi. Humtambua samaki kwa kumpapasa kwa kidole gumba, na huyu hakuwa na kovu. Wakasema ni wa bandia.

"Ikabidi nichukue kisu," alisema, "nimpasue samaki mzima palepale alipopasuka mwenzake. Ndipo wakaniamini."

Msajili aliuweka muhuri ule kando ya mchoro. Ufa ulianzia kwenye pezi, ukapinda mara mbili, ukaishia karibu na mkia. Wimbi nalo lilianzia kwenye pezi, likapinda mara mbili, likaishia karibu na mkia.

Nimepita nchi nyingi, na kila lugha niliyojifunza ina neno lake la kusema "hiki ni changu". Sikuwahi kuona sheria ikiinamisha kichwa kuchungulia mpasuko wa kipande cha mti, na ndani yake ikawaona mama mmoja, moto wake, na vidole vya watu wanaomwamini.

"Lakini yeye hakuandikisha," mfanyabiashara alisema, akiwa hamtazami mtu.

"Kuandikisha kunalinda cha mtu," msajili akajibu. "Hakumpi cha mwenzake. Aliyeitumia alama hii kwanza, akajulikana kwayo, ni huyu. Ombi lako limekataliwa." Akamgeukia Mama Povu. "Nawe usiondoke hivihivi. Jaza maombi yako leo. Utalindwa kwenye sabuni na vitu vya kufulia tu. Mtu akiuza viatu vyenye samaki, huna la kumwambia. Na muda ukiisha uje uhuishe usajili, la sivyo alama itapotea."

"Viatu avivae," alisema Mama Povu, akaomba kalamu.

Mfanyabiashara alimngoja mlangoni. "Mama, mzigo wa kesho nije kuchukua?"

Mama Povu alimtazama hadi akainamisha uso. "Njoo na mkeo. Kwanza nina maneno naye."

Kisha akakumbuka sabuni aliyoiacha igande kwenye fremu ya kumiminia. Ikikauka kabla ya kukatwa, haikubali muhuri. "Mgeni, stakabadhi ya maombi yangu bado wanaiandika. Nipokelee," aliniambia, akashuka ngazi mbiombio. Kupitia dirisha nilimwona akiingia kwenye pikapu, akakata kona, akatoweka.

Karani wa stakabadhi aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nilimwonyesha kikasha cha sabuni nilichombebea. Nikakaa kwenye benchi kungoja.