Namba ya Ndoo

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa huku Mbinga tujione tunatafuna mawe. Siku ya kwanza aliandika ubaoni: KIFAA KISICHO NA SIFA NI CHUMA TU. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kama na mwanafunzi asiye na sifa ni nyama tu. Akanitazama, akasema nyama angalau inaliwa. Nikampenda hapohapo.

Sifa alizozisema hazikuwa za kusifiwa. Kila kifaa unachokichomeka kwenye kompyuta, alituambia, huja na maelezo yake ndani: namba ya aliyekitengeneza, namba ya aina yake, na jina. Ndani kabisa ya mfumo, kwenye kiini, wamekaa madereva, vijiprogramu vya kuendesha vifaa, kila mmoja na orodha yake. Kifaa kikiingia, kiini husoma namba zile na kuuliza ni dereva gani anazijua. Mwenye namba hizo kwenye orodha husema huyu wangu, kazi inaanza. Asipopatikana, kifaa kinakaa pale taa imewaka na hakuna anayekisemesha. Mwenzangu wa dawati akaninong'oneza kama hao madereva wana leseni.

Mwenzangu huyo haoni, na hajawahi kuona. Kwao ni Lundo, kule chini ziwani, na mimi kwetu ni Ukata. Kwa hiyo yeye aliniita mtu wa mashimo, kwa ajili ya ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani. Mimi nilimwita Usipa, kwa ajili ya wale dagaa wao, maana akirudi kutoka likizo alinuka hadi madaftari.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea ubao, na yeye anachapa kwa mashine yake ndogo ya nukta nundu. Tatizo ni kwamba mimi siwezi kusoma kitu kama kilivyo. Nikiona pengo, nachomeka. Mwaka jana, kwenye sifa za fasihi simulizi, nilimwongezea moja ya kwangu: fasihi simulizi haina uchoyo. Ilikuwa utani wa sekunde moja. Yeye akaiandika kwenye jaribio, akaifafanua kwa sentensi tatu nzuri, na mwalimu wa Kiswahili akaisoma mbele ya darasa. Tulicheka mpaka Sista wa zamu akachungulia dirishani. Mwenzangu naye alicheka. Kengele ilipogonga akaniambia taratibu, "Siku nyingine nisomee kitabu. Wewe nakusikia kila siku."

Tangu hapo akawa anategemea mashine kubwa. Ilikaa maabara, ya msaada, nzito kama debe la kokoto, na kazi yake ilikuwa kuchapa kwa nukta chochote kilichomo kwenye kompyuta. Ikianza kuchapa unadhani mtu anapigilia misumari kwenye bati. Ilikuwa ya zamani, kwa hiyo iliunganishwa kwa waya wa pekee wenye kidude kidogo ndani yake, na zile sifa zote ziliandikwa kwenye kidude hicho. Mwalimu alikuwa ameitegesha kompyuta iseme kwa sauti jina la kifaa kinapochomekwa, ili mwenzangu ajue.

Mwaka huu mwenzangu aliugua, akakaa kwao karibu muhula mzima. Aliporudi, mtihani wa majaribio, ambao sisi tunauita moko, ulikuwa umebaki wiki moja. Mkuu wa shule alishamwita ofisini pamoja na baba yake, akawaambia kwamba akianguka moko atahamishiwa shule maalumu, mkoa mwingine. Hakutaka. Aliniambia huko hatapata hata mtu mmoja wa kumjulisha kwamba amevaa soksi za rangi mbili. Mimi ndiye niliyekuwa namjulisha, saa nne baadaye.

Mwalimu wa kompyuta alimwandikia kwenye kompyuta muhtasari wa masomo yote aliyoyakosa. Alhamisi akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki, akaondoka kwenda Tanga. Funguo za maabara aliniachia mimi, kwa sababu kila shule ina mtu mmoja anayeaminiwa kimakosa. Kompyuta aliiacha imefunguliwa kwa ruhusa yake yeye, ile ya kugusa kila kitu, ili tusikwame.

Jumamosi mchana tukaenda kuchapa. Mwenzangu akakaa, mikono yake juu ya meza pale karatasi zitakapotokea. Na mimi, mtu wa mapengo, nikakuta humo ndani kijiprogramu cha kuandika upya sifa za ule waya. Nikaona nimpe zawadi. Kwenye jina nikafuta la Kizungu, nikaweka Usipa Mbichi, ili nikichomoa na kuchomeka sauti imtangaze. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha namba ya aina. Huku bwenini kitu kisicho na namba yako si chako. Ndoo, jembe, hata soksi unaziandika. Nikaweka 0417, namba ya ndoo yangu. Wala sikufikiri. Mkono ulijua kwamba kisanduku cha namba kinajazwa namba.

Nikachomoa, nikachomeka. Taa ikawaka. Kompyuta haikusema kitu.

"Imekuwaje?" mwenzangu akauliza.

Nikamwambia ngoja. Nikachomeka tundu jingine, kimya. Dereva alikuwa na orodha yake, na ndoo yangu haikuwamo. Nikarudi kwenye kile kijiprogramu nirudishe namba ya zamani. Nacho kilikuwa kinautafuta waya kwa namba ya zamani, hakikuuona. Nikaona dawa ni kuzima na kuwasha. Ilipowaka ikaomba neno la siri la mwalimu, ambalo alikuwa nalo Tanga.

Nikamweleza mwenzangu yote. Sikuweza kuongeza hata chumvi. Alisikiliza, kisha akakunja zile karatasi tupu, akazirudisha kwenye boksi moja moja.

Jumapili baada ya misa nilimwendea makamu wa mkuu wa shule, nikamwamkia, nikaomba nimpigie mwalimu. Kwa kunionea huruma alinipa simu yake. Iliita muda mrefu. Mwalimu alipopokea nilisikia nyuma yake watu wanasoma dua, wengi, kwa pamoja. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Niandike mstari upi wa amri, neno la siri ni lipi.

"Pole na msiba, mwalimu."

"Nimeshapoa. Ahsante sana." Akaniuliza kama tuko salama. Nikasema tuko salama, nikarudisha simu.

Mchana huo wote nikamsomea. Tulikaa nyuma ya jiko, yeye na mashine yake ndogo, mimi na kitabu, na kwa mara ya kwanza maishani nilisoma kama kipaza sauti cha kanisani, bila kupandisha wala kushusha. Kila baada ya sentensi alisimamisha vidole.

"Hiyo imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Kweli?"

Nilifikiria nimwapie. Lakini hata viapo nilishavichezea sana. Tulipofika kwenye sifa za fasihi simulizi aliuliza mara mbili kwa kila moja. Huwasilishwa kwa mdomo. Imeandikwa? Hubadilika kulingana na mazingira. Imeandikwa? Niliyasikia maneno ya kitabu yakitoka kinywani mwangu yakiwa na harufu yangu, na sikuwa na la kufanya.

Jumatatu akafanya mtihani.

Jumatano mwalimu akarudi, amekonda. Sikumngoja aulize, nikamweleza yote. Alikaa kwenye kompyuta, akaandika mstari mmoja tu wa kumwambia dereva aongeze namba mpya kwenye orodha yake, na ile sauti ikatangaza maabara nzima kwamba Usipa Mbichi imeunganishwa. Hakuna aliyecheka. Akaniuliza 0417 ni nini. Nikamwambia ni ndoo. Alisema hataurudia ule waya kuuandika ndani, kidude kile ni cha zamani, kikiguswa tena kinaweza kufa kabisa. Bora dereva aizoee ndoo.

Mashine ikachapa muhtasari wote. Mwenzangu alisoma kwa vidole ukurasa wa fasihi simulizi, polepole, akafika chini.

"Ni mali ya jamii nzima," akasema. "Kumbe imo."

"Nilikusomea."

"Ulinisomea. Nikajua hiyo ni yako, ni mtoto wa ile ya uchoyo. Waliomba sifa tano, nikaandika nne."

Matokeo yalipobandikwa nilimsomea mwenyewe. Alikuwa ameanguka, kwa kidogo, na si kwa swali hilo peke yake. Lakini mimi nalijua hilo moja.

Wakati wa likizo gari lilikuja kumchukua. Mashine kubwa ilikwenda naye, kwa sababu hapa haina mtu mwingine, na waya wangu pia. Kompyuta ilibaki. Huko aendako kuna kompyuta nyingine, na dereva wake hajawahi kusikia habari za ndoo. Kwa hiyo siku moja kabla nilimwomba mwalimu ule mstari wake wa kumwongezea dereva namba, nikauchapa kwa nukta, ukurasa mmoja, herufi kwa herufi.

Nilimpa akiwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Akapitisha vidole, akafika kwenye namba, akasimama.

"Humu kuna utani?"

"Hakuna."

Dereva wa gari akawasha injini. Mwenzangu akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akaanza kuusoma upya.