Nilikuwa Naichafua Injini Mwenyewe

Wadau, leo nakiri. Kwa miezi minne nimekuwa naimwagia injini ya gari langu oili chafu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kila Ijumaa jioni. Usinicheke kwanza.

Mke wangu, Hanna, alifariki mwaka juzi. Binti yetu Angel anasoma Mwanza. Nyumba yangu ya Moshono ina vyumba vinne na mimi peke yangu. Kuna wikendi nilikuwa naijibu redio, aisee.

Siku moja nikapeleka gari Ngarenaro kuoshwa injini, kwa dada mmoja fundi anaitwa Elinipa. Akafungua boneti, akakataa katakata.

"Kaka, ya moto hii. Nikiimwagia maji ya baridi inaweza kupasuka. Subiri ipoe."

Akanipa kigoda. Tukapiga stori weee! Ilipopoa akachomoa betri, akafunika altaneta na fyuzi kwa nailoni, akasugua kwa brashi na sabuni, akasuuza kwa maji kidogo tu. Nilicheka siku ile. Tangu msiba sikuwa nimecheka.

Wiki iliyofuata injini ilikuwa safi, sababu ya kwenda sina. Nikachukua kopo la oili chafu.

Ikawa ndiyo kawaida yangu. Jumamosi nafika kwake, nazuga: "Inavuja tena hii!" Yeye anaosha, haulizi kitu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimezidisha. Nakaribia tu kwa Elinipa, moshi huo kwenye boneti! Oili ilikuwa imefika kwenye ekzozi. Nikazima gari, nikaruka nje. Elinipa akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Bahati nzuri ulikuwa moshi tu.

"Baba Angel, utakuja kuungua humu! Acha kumwaga oili."

"Kumwaga? Nani?"

"Oili ya kuvuja inachirizika kutoka kwenye gasketi, chini ya kifuniko cha injini. Yako inaanzia juu kabisa ya kifuniko. Nimejua tangu mara ya pili."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mbona hukusema?"

Akainamisha kichwa. "Injini inapoa nusu saa. Yako nilikuwa naiacha saa nzima. Na mimi nikifunga hapa narudi chumbani, hakuna hata wa kuniambia pole na kazi."

Nililia pale pale, watu wananiangalia.

Wewe unayesoma hii peke yako, upweke si aibu. Mimi nilikaribia kuungua ndani ya gari kwa sababu nilishindwa kusema, "Dada, naomba nikae hapa kidogo."