Kifaa Kilicholala Barazani

Mpimaji wa gesi ya radoni hakaribishwi kiti akakubali. Huvua viatu, hukunja mkeka, hupiga magoti na kupitisha kidole gumba kwenye nyufa za sakafu, maana ndimo inamopenya gesi hiyo isiyo na harufu, ikitoka ardhini kuja kuharibu mapafu ya watu. Juzi mpimaji mmoja alirudi mtaani Rwamishenye kuchukua kifaa cha kupimia alichokiacha katika chumba cha wajukuu wa Mzee Karugendo. Alikikuta barazani, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Wiki nzima kilikuwa kinapima upepo wa ziwani.

"Nilikitoa siku ileile," mzee alisema kwa fahari. "Chombo cha mgeni hakilazwi chumba kibovu."

Mpimaji alikiinua kifaa chake. Sauti hakuipandisha.

"Kwa hiyo, Tata, chombo umekiokoa. Watoto je, wamelala wapi?"