Mguu wa Robi na Jogoo wa Selestine

Miaka ile, nyumba za vijiji vya ujamaa zilipokuwa bado zinanukia nyasi mbichi za mapaa, Nashoni Kisyeri alikuwa mganga wa zahanati katika kijiji kimoja cha Tarime, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Bomani, makao ya wilaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti jeupe alilolifua mwenyewe, na dawa za serikali aliwagawia watu bure. Walimwita daktari, naye hakuchoka kuwasahihisha: "Mimi ni msaidizi tu, jamani."

Kilichomwondolea amani ni mguu wa mtoto. Boke, mke wa Machage, alimleta binti yake Robi akiwaka homa. Nashoni akataka kumpa vidonge, Boke akakataa. Kwa watu wa pale, dawa isiyouma haikuwa dawa.

"Mchome, daktari. Sikutembea jua lote hili kufuata pipi."

Naye, badala ya kusimamia alichofundishwa, akamchoma kwinini takoni huku mtoto akifurukuta mikononi mwake. Sindano ikapita palipo na mshipa wa fahamu. Homa ikapoa, lakini tangu siku ile Robi akawa anauburuza mguu wake wa kulia.

Nashoni akaitwa kwenye ritongo, baraza la wazee wa Kikurya. Mzee Mwikwabe, aliyeliongoza, hakupandisha sauti. "Mura, kijana wangu, mkono wako umeharibu mguu. Lete mtamba." Nashoni akamtoa mtamba wake wa pekee, na kwa desturi jambo likafungwa.

Kwa wazee lilifungwa. Kwake hofu ndiyo kwanza ilifunguka. Bomba la sindano akalifungia kabatini. Aliyekuja na jipu alipewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, aliyekohoa, barua. Huko matibabu yalikuwa bure, ila njia haikuwa bure. Watu waliuza mbuzi, wakaacha mtama umezwe na magugu, wakawabeba wagonjwa kwa machela hadi mabega yakachubuka. Jioni, kwenye pombe, vijana walitaniana:

"Leo zahanati kuna dawa?"

"Ipo tele! Karatasi, kutwa mara tatu!"

Nashoni alisikia, akapita zake.

Mvua za masika zilipokolea, jirani yake Selestine alimleta mwanawe Tomaso, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Nashoni aliujua ugonjwa ule kabla hajamgusa mtoto: kichomi. Penisilini ilikuwamo kabatini, nyuma ya mgongo wake. Akaiwaza ile ritongo, akaandika barua. Tomaso alikata roho juu ya machela, ng'ambo ya mto, kabla hawajaiona Bomani.

Nashoni akangoja kuitwa na wazee. Hakuna aliyemwita. Matanga yalipokwisha, Selestine akaja zahanati amekumbatia jogoo mwekundu.

"Pokea, daktari."

"Wa nini, Selestine?"

"Hukutudharau. Mwingine angesema mtoto wa mkulima na afie hapa hapa. Wewe ulituandikia hospitali kubwa."

Nashoni akanyoosha mikono. Akampokea jogoo. Uzito wake ulimrudishia uzito usiomtoka, wa Tomaso, siku alipomwinua kutoka kitandani na kumlaza kwenye machela.

Kesho yake akaenda kwa Mzee Mwikwabe.

"Shikamoo, tata, baba yangu. Niiteni kwenye ritongo."

"Marahaba. Kwa kosa gani? Mtoto wa Selestine hukumgusa kwa sindano."

"Ndilo kosa lenyewe, tata."

Mzee akauzungusha mkongojo wake udongoni. "Tunajua kuudai mkono uliotenda," akasema. "Mkono uliokaa, baba zetu hawakutufundisha kuudai. Rudi kazini, mura."

Akarudi bila kudaiwa, na hilo likamlemea kuliko mtamba. Mlangoni mwa zahanati akamkuta Boke amembeba mgongoni mdogo wake Robi, mtoto akikoroma kila alipovuta pumzi. Kando yake Robi alikuwa ameegemea fimbo.

"Usiniandikie barua," Boke akasema kabla ya salamu.

"Mama Robi, mkono huu unaujua."

"Naujua kuliko wewe unavyoujua. Ni mimi niliyekulazimisha siku ile, na mtoto sikumshika. Leo nitamshika. Akilemaa, tuitwe kwenye ritongo sote wawili."

Nashoni akawaingiza ndani, akamtazama Robi. Robi akautazama mguu wake, kisha akamsogezea kiberiti kilichokuwa juu ya meza.

Akawasha jiko la mafuta, akachemsha sindano. Boke alimbana mtoto mapajani, Nashoni akapapasa tako mahali pa juu, kwa nje, kama alivyofundishwa, akachoma penisilini. Mtoto alipona. Habari ikamfikia Mzee Mwikwabe, na ritongo ikaridhia: mzazi amshike mtoto, mganga achome mbele ya macho yake, na baya likitokea bila uzembe wasidaiane ng'ombe.

Jogoo yule Nashoni hakumchinja. Alimwachia alale chini ya dirisha lake, na alfajiri alipowika, yeye aliamka kuchemsha sindano. Selestine, kila alipopita kwenda shamba la kijiji, alimtania:

"Daktari, mpaka leo hujamla? Nyama itakuwa ngumu hiyo!"

Mara nyingi Nashoni alidhamiria kumwambia juu ya kabati na penisilini. Kila mara alijibu, "Asubuhi njema, Selestine," akarudi ndani, ambako watoto walikuwa wanamngoja.