Kijiti cha Kiberiti Ndani ya Manowari

Mtaani wanamwita Nahodha, na huitika, ingawa hata kivuko cha dakika kumi humtapisha. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alipostaafu alirudi nyumbani na visu vyake vidogo na brashi zake, akaanza kufufua manowari za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi, mtu akaziunganisha mwenyewe kwa gundi. Watu humletea zilizokaa juu ya makabati tangu utoto wao, naye huzirudisha zikiwa nzuri kuliko zilivyotoka kiwandani. Mizinga ya plastiki huikata, akaweka sindano za hospitali zilizoondolewa ncha, ili kila mzinga uwe na tundu la kweli. Kamba za milingoti huzichomoa kwenye soksi ndefu za mkewe. Mkewe amebakiwa na jozi moja ya soksi, nayo anaificha.

Jumapili moja dada yake alikuja na boksi lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na manowari ya kijivu ambayo Nahodha aliiunganisha akiwa na miaka minane. Ukoo mzima unaijua habari yake, maana Nahodha huisimulia kila harusi: jinsi dada, binti wa miaka kumi na miwili, alivyopangusa vumbi bila adabu, mnara mkubwa ukaanguka, na Mama akamnyima safari ya likizo kwa mjomba. Dada hucheka pamoja na wengine. Mama naye, aliyekula chumvi nyingi na anayeishi kwa Nahodha, mpaka leo akimwona bintiye anaisogelea meza ya kazi humwambia, "Usiguse vitu vya mdogo wako. Wewe una mikono ya kuvunja." Na huyo anayeambiwa hivyo ni mkunga mstaafu, bibi wa wajukuu saba.

"Ukiiponya hii," dada alimwambia mdogo wake, "na ile hadithi yako uizike."

Nahodha akaahidi, ila kwa shingo upande, maana hadithi ile ilikuwa tamu.

Jumatatu aliilaza manowari kwenye beseni la mafuta ya breki ili rangi ya zamani ilainike. Jumanne akaanza kuisugua kwa mswaki. Kijivu kilipotoka, akaona kitu kwenye kitako cha ule mnara uliokatika. Kilikuwa kijiti cha kiberiti, kimegandishwa kwa gundi nyingi na kupakwa rangi juu yake. Alimcheka kwanza huyo fundi mbovu. Halafu kicheko kikamkauka. Baada ya dada kuuangusha mnara, manowari ilifungiwa boksini na hakuna brashi iliyoigusa tena. Kwa hiyo kijiti kilikuwa pale kabla ya dada kushika kitambaa cha vumbi.

Ndipo akakumbuka yote: vita alivyovipigana ndani ya beseni la kuogea, adui akiwa kipande cha sabuni, mnara ulivyokatika, na njiti aliyoiiba jikoni. Kesho yake dada alipita na kitambaa, jumba bovu likamwangukia. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa zimefika miaka hamsini na mitatu, na kwa kuirudia hadithi alikuwa ameiamini mwenyewe.

Hebu fikiria kishawishi. Huyu ni mtu aliyekula mshahara miaka yote kwa kuwapa watu meno ambayo hakuna mtu angejua kuwa si yao. Nusu saa, uji mwepesi wa plastiki iliyoyeyushwa, rangi kidogo, na kijiti kingetoweka milele. Alikuwa ameshakoroga alipoingia mkewe, akasimuliwa.

Mkewe akafikiri kidogo. "Hadithi hiyo uliisimulia hata kwenye harusi yetu," akasema, akaenda zake.

Nahodha akaumwaga ule uji wa plastiki.

Jumapili iliyofuata manowari ilikuwa mezani mbele ya Mama na dada, mizinga yake ikimetameta, kamba zake nyembamba kama nywele. Mnara ulisimama wima, lakini kitakoni alikiacha kijiti kikionekana, bila rangi. Akapiga moyo konde.

"Mama, mnara niliuvunja mimi. Nikauegemeza kwa njiti. Dada aliukuta umeshavunjika."

Dada aliangua kicheko, akapiga makofi, akamwita mwongo mkubwa. Mama hakucheka. Alivaa miwani, akakitazama kijiti kwa muda mrefu, kisha akamgeukia bintiye.

"Nilikukosesha safari bure, mwanangu. Na nimekusema miaka yote hii. Nisamehe."

Kicheko cha dada kikakatika katikati. Akakaa karibu na Mama.

"Nilishaamini ni kweli nina mikono ya kuvunja," akasema taratibu. "Kila mtoto niliyempokea, Mama, nilimshika nikiogopa."

Nahodha alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia, na wakati huohuo mzigo ukamtoka kifuani. Akaomba msamaha bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu.

"Mpe aishike," Mama akaamuru.

Dada alifuta mikono yake kwenye gauni, akaipokea manowari, akaigeuza polepole mbele ya dirisha, akitazama mzinga mmoja baada ya mwingine, na hakuna kilichoanguka.